Jembe la Pili

Tulikwenda Chole, kule Kisarawe, kurekodi sauti ya jembe. Hilo tu. Jembe liingie kwenye udongo mara kumi, kumi na tano, halafu turudi Kibaha tukamalizie gemu yetu.

Ilikuwa Jumamosi. Tangu Ijumaa jioni tulikuwa tumejifungia kwenye ukumbi mmoja pale Picha ya Ndege, timu tisa, nyaya zimetapakaa sakafuni, na tulikuwa na saa arobaini na nane za kutengeneza gemu kuanzia sifuri mpaka ichezeke. Mada tuliyopewa ilikuwa "Kilicho Chini". Timu yetu ilikuwa ya watu wawili: mimi naandika programu, rafiki yangu Godbless anachora. Gemu yetu ilikuwa na mkulima anayelima shamba la zamani, na kila akichimba anakuta kitu cha watu waliokaa pale kabla yake.

Zamani tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa mdogo wangu, Yahya, na ndiye aliyekuwa mtu wa sauti. Aliweza kukaa saa nzima na maiki mbele ya sufuria ya maharage yanayochemka, akikataza watu wasikohoe. Alifariki kwa pumu miaka miwili iliyopita, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Tangu hapo sikushiriki tena mashindano haya. Hili lilikuwa la kwanza, na Godbless alinibembeleza wiki tatu.

"Sauti za mtandaoni zinasikika kama mtu anapiga ndoo," Godbless alisema mchana ule, akivua hedifoni. "Raudha, kwa mama si kuna shamba?"

Nikatoa kinasa sauti cha Yahya kwenye begi. Tukapanda pikipiki ya Godbless.

Tulifika saa kumi na mbili kasoro, tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mama alikuwa kibarazani, amenyoosha mguu wake mbovu kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama," Godbless alisema.

"Marahaba, baba. Karibuni. Mbona jioni hivi?"

Nikamweleza. Kwa kawaida mama angecheka, angeuliza hayo magemu yataisha lini. Hakucheka. Alitazama jua.

"Rekodini upesi. Magharibi isiwakute shambani. Mkimaliza mwingie ndani, mle."

Shamba la muhogo liko nyuma ya nyumba. Nilipozunguka tu, nikashangaa. Matuta mapya, yamenyooka kama yamepigwa kamba, hadi kule kwenye mikorosho. Mama hawezi kuinama kuokota kandambili. Nikadhani ameweka kibarua. Sikuuliza.

Tulichelewa. Kwanza redio ya jirani. Redio iliponyamaza, mbuzi wakalia. Mbuzi waliponyamaza, adhana ikasikika kwa mbali, tukaingoja iishe. Giza lilikuwa limeanza kushika miguu yetu.

"Lima sasa," nikamwambia Godbless.

Ukivaa hedifoni na maiki imefunguliwa, dunia inakusogelea. Unasikia jani linavyogusa jani. Nilipiga magoti, nikaelekeza maiki chini.

Kwap.

Kwap.

Kwap... kwap.

Nilidhani ni mwangwi. Nikamnyooshea Godbless mkono, asimame. Akasimama, jembe begani, ananitazama.

Kwap.

Godbless alikuwa hajatikisika.

Kwap... kwap.

Nikavua hedifoni. Kimya. Wadudu tu. Nikavaa tena. Jembe lilikuwa linaendelea, taratibu, upande wa mikorosho. Halafu nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, na baada yake pumzi ndefu yenye kufyonza, kama mtu anayenyonya hewa kwenye mrija.

Nililala chumba kimoja na kikohozi kile utoto wangu wote.

Jembe likasimama.

"Mama, mguu umepona?"

Ilikuwa sauti ya Yahya. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililonimaliza. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi, anauliza jambo la kawaida. Kimya kidogo. Halafu:

"Nimeshiba, mama."

Halafu, karibu zaidi... karibu mno...

"Dada."

Nikang'oa hedifoni, nikaangukia matuta.

"Nini?" Godbless alinong'ona. "Raudha, nini?"

Nikainuka, nikaanza kukusanya nyaya. Mama akatokea nyuma ya jiko la nje, anachechemea, macho yamelowa. Miguu yake ilikuwa na udongo mbichi mpaka kwenye vifundo.

"Hamjamaliza tu?" alisema. "Nimewaambia nini mimi?"

Hatukula. Nilimdanganya kwamba kazi inatungoja, tukaondoka. Njiani Godbless aliniuliza mara mbili kilichotokea. Nikamwambia betri iliisha.

Asubuhi ya Jumapili, ukumbi umejaa mwanga na watu wanakunywa chai, ndipo nilipopata moyo wa kufungua faili lile. Nilikaa ukutani ili mtu asipite nyuma yangu. Nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Jembe la Godbless. Jembe la pili. Kikohozi. Na kabla ya Yahya kusema, kulikuwa na mtu mwingine.

Mnong'ono. Mdogo sana, jana sikuusikia.

"Sema: Mama, mguu umepona?"

"Mama, mguu umepona?"

"Sema: Nimeshiba, mama."

"Nimeshiba, mama."

Godbless alinivua hedifoni kwa nguvu. Akasikiliza mwenyewe. Alimfahamu Yahya miaka mitano.

"Ni yeye," alisema. "Na huyu mwingine, huyu mwanamke, ni nani?"

"Ni mama."

Kisha nikachukua hedifoni nikasikiliza sehemu iliyobaki, ile ambayo kinasa sauti kiliendelea kunasa baada ya mimi kuanguka. "Dada," Yahya alisema. Kabla ya neno hilo hakukuwa na mnong'ono. Nilirudia mara sita. Hakuna aliyemwambia. Na baada yake, polepole, kama anasoma maandishi yaliyofifia:

"Dada. Nilikupigia mara nne."

Hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Siku Yahya alipokufa nilikuwa kwenye shindano kama hili. Mimi naye tulikuwa tunaishi Tangini, palepale Kibaha. Asubuhi ile alisema kifua kinambana, akabaki nyumbani, nami nikaenda, kwa sababu ilikuwa siku ya mwisho na gemu ilikuwa inakwamakwama. Simu yangu niliilaza kifudifudi mezani, nimeikata mlio. Nilipoigeuza jioni nilikuta simu nne. Alizipiga ndani ya dakika kumi na moja. Nilizifuta kabla ya mazishi.

Hata Godbless hakujua. Mama hakujua.

"Nenda kwa mama," Godbless aliniambia. "Kuwasilisha nitawasilisha mwenyewe."

Nilifika Chole saa tisa alasiri. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nikaweka kinasa sauti mbele yake, nikakiwasha. Alisikia mnong'ono wake mwenyewe, ungo ukamponyoka mkononi.

Nilitegemea akane. Hakukana.

"Nilitaka aniite tu," alisema. "Basi."

Akanieleza, macho kwenye mchele uliomwagika. Baada ya arobaini hakuweza kulala. Kuna mtu alimpeleka kwa mganga mmoja, mbali, hakunitajia wapi. Mganga alimwambia alete shati la marehemu ambalo halijafuliwa, lenye jasho lake. Akalizika shambani, chini ya mkorosho wa mwisho, pamoja na mpini wa jembe. Mganga alimwambia: Sauti utaipata. Yeye mwenyewe hutampata. Na sauti haikai bure, ipewe kazi, isije ikatangatanga.

"Kila magharibi nakwenda pale mkoroshoni, ndipo anaposikika," mama alisema. "Hana maneno yake, Raudha. Niliambiwa hivyo, na ni kweli. Asiponong'onezwa analima tu. Mwanzoni nilimwambia mambo mengi. Aseme hakuteseka. Aseme amefika pazuri. Nikaona namtungia uongo. Sasa namwambia aniulize mguu. Aseme ameshiba. Mambo aliyokuwa akisema kila siku."

Alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia karibu na majirani. Nilimchukia na kumhurumia kwa wakati mmoja. Miaka miwili alikuwa naye, hata kama ni sauti tu, na mimi nilikuwa Kibaha nasikiliza ujumbe wake wa zamani kwenye simu mpaka nikaumaliza ladha.

"Leo nimwambie akuambie nini?" mama aliuliza, ananishika mkono. "Sema wewe. Nitamwambia."

Mungu anisamehe, nililifikiria. Neno moja tu lingenitosha. Nilijua ni neno gani, nilikuwa nalo mdomoni.

"Mama," nikasema, "jana ulimwambia aseme kwamba alinipigia?"

"Alikupigia lini?"

Nikamwambia. Simu nne. Dakika kumi na moja. Nilivyoilaza simu.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alivuta kichwa changu akakilaza kwenye mapaja yake, nikausikia mwili wake unavyotetemeka, na nilichukua muda kuelewa kwamba haikuwa huzuni. Alikuwa anaogopa.

"Mimi sikumwambia hivyo," alinong'ona. "Na yeye hana maneno yake."

Tukachukua jembe, tukaenda shambani jua lingali juu. Mganga alikuwa amempa na njia ya kumwachia: achimbue shati, alichome, amsomee dua. Mimi nilichimba, mama akasimama akisoma, mkono kwenye mkorosho. Futi moja. Futi moja na nusu. Jembe likagusa nguo.

Lilikuwa shati lake la mistari. Mama alilizika kama lilivyovuliwa siku ile, limesokotana, lina jasho na madoa ya dawa kifuani. Nililolikuta lilikuwa safi, halina doa. Limefuliwa. Lilinukia sabuni. Lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono imerudishwa nyuma, kama linavyokunjwa na mwanamke anayemtunza mtu.

Mpini haukuwepo.

"Mama, ulilitoa ukalifua?"

Alitikisa kichwa. Hakuacha kutikisa kichwa.

Tulilichoma. Liliungua haraka, bila moshi wa kutosha. Mama alimaliza dua, akasema kwa sauti ya kawaida, bila mnong'ono: "Nenda, mwanangu. Nenda, baba. Mama amekuachia." Nami nikasema lile langu, la kuomba radhi, nikiwa nimesimama kwenye majivu. Hakuna aliyejibu. Tulidhani hiyo ndiyo dalili njema.

Jumatatu asubuhi nilirudi Kibaha. Godbless aliniambia aliwasilisha gemu bila sauti yoyote, mkulima analima kimya kabisa, na watu ukumbini walikaa wanatazama bila kusema kitu. Hakuna tulichoshinda.

Alhamisi jioni mama alinipigia simu. Niliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Nimenyamaza siku nne," alisema. "Magharibi siendi kule. Nimekaa ndani, nimefunga dirisha."

"Vizuri, mama."

"Bado analima, Raudha. Sasa namsikia mpaka chumbani. Na anaongea."

"Anasema nini?"

Pumzi yake ilikuwa inagonga simu.

"Simsikii vizuri. Anasema kitu, ananyamaza. Anasema tena, ananyamaza. Kama vile nilivyokuwa nikifanya naye mimi." Akashusha sauti. "Kuna mtu anamnong'oneza."

Nilimfuata usiku uleule. Siku hizi anaishi nami Tangini. Anakula, anasali, anazungumza na majirani, mguu umepata nafuu. Shamba hatujaliuza na hatujakwenda kulitazama. Jirani wa kule alituma salamu kwamba muhogo wetu umestawi kuliko wa mtu yeyote, akauliza tumemweka nani.

Lakini kila magharibi mama anaacha anachofanya. Anakaa kitandani ameelekea upande wa Kisarawe, mikono mapajani. Mwanzoni nilidhani anamkumbuka Yahya, nikawa nakaa naye kimya. Juzi ndipo niliposikia anachosema. Anasema kwa sauti ndogo sana, kama mzazi aliyemwacha mtoto kwa watu asiowajua.

"Sasa anaambiwa aseme nini huko?" anauliza. "Na anamwita nani mama?"