Kocha wa Chini ya Meza

Helvi wa ghorofa ya pili anadai Saimi alifanya makusudi. Amesema hivyo dukani, amesema kanisani, amesema kwenye foleni ya duka la dawa: kwamba Saimi alikunywa bia kwenye sauna, bafu la mvuke la Mzee Lampela, akavua nguo na siri za mchumba wake pamoja, akijua fika kwamba mke wa mwenyekiti wa timu atazipeleka kwa mumewe.

"Hakutaka mwanamume wake awe kocha mkuu," anasema Helvi. "Kocha mkuu anatazamwa na wanawake wengi. Msichana kaona mbali, kaamua kumpunguza."

Helvi hakuwepo. Saunani walikuwa wanawake watatu tu, na mambo hayakwenda hivyo.

Mapenzi yenyewe yalianzia kliniki ya meno, Jumatatu asubuhi, chumba cha kusubiria kimejaa mpaka watu wamesimama. Saimi Kekarainen, msaidizi wa daktari, alikuwa kwenye meza ya mapokezi na gauni lake la kazi la kijani, nywele kazibana kwa kalamu. Akaingia mwanamume mrefu, jaketi jeusi lenye nembo ya Metsot, timu yetu ya hoki ya barafuni, theluji imemganda mabegani. Mikononi ameshika glasi ya maziwa kama mtu aliyebeba yai.

"Dada, nina jino."

"Kila mtu humu ana jino, kaka. Chukua namba ukae."

"Hapana, nina jino hili." Akainamisha glasi. Chini kabisa, ndani ya weupe, jino lilionekana.

"La nani?"

"La mchezaji wangu. Kisahani cha hoki kimempiga mdomoni mazoezini. Wanasema likiwekwa kwenye maziwa linaweza kurudishwa."

"Ni kweli, linarudishwa. Sasa tulirudishe wapi? Mwenye mdomo yuko wapi?"

Mwanamume akageuka nyuma. Akatazama mlango. Akatazama glasi.

"Mungu wangu," akasema. "Nimemwacha uwanjani."

Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata mzee mmoja aliyevimba shavu alicheka huku amelishika. Tuomo Räihä, kocha msaidizi wa Metsot, aliiva wekundu usoni mpaka masikioni, akamkabidhi Saimi glasi na kutoka mbio. Alirudi na mchezaji. Siku nyingine akarudi na chokoleti ya kushukuru. Kisha akarudi bila sababu yoyote, akasimama pale mapokezi akasoma bango la kupiga mswaki kana kwamba ni habari mpya.

"Una miadi?" Saimi akamuuliza.

"Naomba."

"Na daktari?"

"Daktari ana masharubu. Naomba na wewe."

Kabla baridi haijafika kileleni, mswaki wa Tuomo ulikuwa kwenye glasi ya bafuni kwa Saimi.

Msimu ule Metsot walifungwa na kila aliyetaka kuwafunga. Mwezi wa pili bodi ikamfukuza kocha mkuu, na meneja naye akafungishwa virago. Tuomo akaambiwa aishikilie timu mpaka msimu uishe. Wachezaji walichoka, mashabiki walizomea, na yeye pembeni ya barafu alisimama wima na suti yake ya kijivu, uso haubadiliki. Watu walisema huyu kijana ana moyo wa chuma.

Nyumbani ilikuwa vingine. Siku ya kwanza Saimi aliogopa. Alitoka bafuni akaona miguu miwili yenye soksi imetokeza chini ya meza ya jikoni.

"Tuomo! Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimelala."

"Chini ya meza?"

"Huku hakuna anayeniuliza kitu."

Saimi akawasha jiko. Akapasha uji wa mchele, akanyunyiza mdalasini, akaweka bakuli sakafuni karibu na kichwa chake. Halafu akaingia na yeye, akalala chali, bega kwa bega, wakiangalia ubao wa meza kwa chini, ambapo mpangaji fulani wa zamani alikuwa amebandika bazoka yake.

"Nani anatafuna kitu halafu anakibandika hivi?" Tuomo akasema.

"Labda naye alikuwa kocha."

Tuomo akacheka, na alipocheka akaanza kusema. Chini ya meza alisema yote: mchezaji gani anaogopa, yeye mwenyewe anaogopa nini, safu ipi aibadilishe. Kila walipofungwa ikawa hivyo. Ukitaka kujua Saimi alimpenda Tuomo lini hasa, hakumpenda kwa suti. Alimpenda pale sakafuni.

Mwezi wa nne bodi ikapata meneja mpya, Kaarlo Hemminki, beki wa zamani mwenye pua iliyopinda, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchagua kocha. Yalibaki majina mawili: Tuomo, na Mswidi mmoja aitwaye Ståhle.

"Mswidi?" watu walisema sokoni. "Bora tufundishwe na mbuzi."

Mzee Veijo Lampela, mwenyekiti, tajiri wa malori ya kokoto, hamwajiri mtu kabla hajakaa naye saunani kwake ziwani. Anaamini mtu aliye uchi kwenye benchi la juu hawezi kudanganya. Na mgombea huja na mwenzi wake, maana wazee wa hoki wanataka kujua pia nyumba ikoje.

"Nivae nini?" Saimi aliuliza kwenye simu.

"Saunani, mpenzi? Usivae kitu."

"Mjinga wewe. Nasema kabla ya sauna."

"Lile la buluu. Ukivaa lile hata mimi nitajiajiri."

Akavaa gauni la sufu la buluu na hereni za fedha za mama yake. Ziwa lilikuwa bado na barafu, tundu la kuogelea limekatwa kando ya gati, na kutoka bombani moshi wa kuni za mbetula ulipanda moja kwa moja. Wanawake waliingia kwanza, kama kawaida.

Walikuwa Orvokki, mke wa mwenyekiti, Maire, mke wa Hemminki, na Saimi. Walimpa benchi la juu. Orvokki alimsugua mgongo mwenyewe, kama mama. Wakatoka wakazama kwenye tundu, wakarudi ndani wanapiga kelele, ngozi nyekundu, na baada ya hapo hakuna mkubwa wala mdogo.

"Veijo wangu," Orvokki akaanza, akimwagia maji mawe ya moto, "lile libaba lote lile, timu ikifungwa anampigia dada yake simu. Analalamika mpaka usingizi unamchukua, simu kifuani. Dada yake anamsikia anakoroma!"

"Afadhali huyo," Maire akasema. "Kaarlo alipokuwa anacheza, timu ikishinda hakubadilisha chupi mpaka ifungwe. Mwaka ule walipoukaribia ubingwa, mwenzenu nililala sebuleni."

Walicheka mpaka mvuke ukawaingia kooni. Kisha wakamgeukia.

"Na wako, binti? Akifungwa anafanyaje?"

Angeweza kusema anakaa kimya. Angeweza kusema anakwenda kutembea. Lakini kwetu watu hawatoki nje na mazungumzo ya sauna, hilo Saimi alilelewa nalo tangu akiwa mchanga wa kubebwa. Na kulikuwa na jingine. Yeye ni msichana wa kushika kikombe cha kutemea mate, na wanawake hawa wenye nyumba za ziwani walikuwa wamempa hadithi za waume zao kama watu wanaokukatia keki. Alitaka na yeye awe na cha kutoa.

Akatoa. Tena akakisimulia vizuri. Akaigiza sauti ya Tuomo kutoka chini ya meza, akanyoosha miguu kuonyesha soksi, akasema habari ya uji na bazoka. Maire alicheka mpaka akashuka benchi la chini. Orvokki alijifuta macho: "Jamani, kijana mtamu hivyo! Mungu akutunzie."

Saimi leo haumizwi sana na kule kusema. Anaumizwa na kwamba alifurahia. Walipocheka, alitafuta kingine cha kuongeza.

Usiku huo Orvokki alimwambia mumewe, kwa sifa: huyu kijana ana utu. Veijo akamwambia Hemminki, kwa utani. Hemminki hakucheka.

"Wachezaji wakifungwa," aliuliza, "watamtafuta wapi?"

Kazi akapewa Mswidi. Tuomo akapewa ile ile ya usaidizi. Na kwa kuwa utani wa namna hiyo haukai mfukoni mwa mtu mmoja, alipoingia chumba cha kubadilishia nguo alikuta chini ya meza ya kufungia magongo utepe wamemtandikia blanketi na mto. Dukani, msukuma toroli asiyemjua alimwambia, "Kocha, meza za jikoni zimeshuka bei kule, umeziona?"

Simu yake ilimkuta Saimi kazini.

"Ulisema?"

"Nilisema nini, mpenzi?"

"Usinifanye mtoto. Meza."

Saimi alijifungia kwenye chumba cha dawa. "Tuomo, nilisema kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi! Nilipolala pale nilikuwa na wewe peke yako. Sasa mji mzima umejipanga pale chini."

"Ilikuwa saunani. Wenyewe walisema ya waume zao, mimi nikadhani—"

"Waume zao hawakuwa wanaomba kazi, Saimi! Na Helvi anasema hukutaka niipate."

"Unamsikiliza Helvi?"

"Nimsikilize nani? Wewe?"

Akakata. Jioni alichukua mswaki wake, hakuchukua kingine.

Saimi akaanza kwenda dukani saa ambazo hakuna watu. Hereni za mama yake alizirudisha kwenye kisanduku. Kliniki ikawa mateso: mchezaji mwenye jino lile alikuja kuangaliwa, akafungua mdomo mpana na kufumba macho, asimwone. Orvokki alipiga simu, sauti imepwaya.

"Mwanangu, nilidhani namsaidia. Nilitaka Veijo ampende kama nilivyompenda mimi."

"Najua, Bi Orvokki."

"Si ungenikasirikia? Ningejisikia nafuu."

"Siwezi. Mimi ndiye niliyewachekesha."

Mwezi wa tano ukaingia, mbetula zikatoa majani madogo yenye kunata, na kila mwenye zulia akalishusha uani kulipiga vumbi. Saimi alikuwa kwenye mti wa kutundikia mazulia, kitambaa kichwani, suruali kuukuu ya michezo, akipiga kwa fimbo kama anayemwadhibu mtu. Helvi alikuwa barazani kwake juu, anamwagilia maua. Tuomo akaja na baiskeli, kavaa jaketi jipya la timu, bado lina mikunjo ya kiwandani.

"Limekosa nini hilo zulia?" akasema.

Saimi hakugeuka. "Umesahau kitu?"

"Nimekuja kusema. Ukishasikia, unipige na hiyo fimbo ukitaka."

"Sema. Helvi anasubiri."

Juu, maji yalisita kidogo, kisha yakaendelea.

"Siku ile," Tuomo akaanza, "zamu ya wanaume. Hemminki aliniuliza habari zako. Akasema, huyu msichana ni wa kudumu? Maana wanawake wa hapa huwafunga makocha, kesho timu kubwa ikikuita utashindwa kuondoka." Akailaza baiskeli chini. "Nikamwambia usijali. Nikasema huyu ni wa kupitisha msimu."

Saimi akaiweka fimbo chini.

"Wakacheka," Tuomo akasema. "Mimi pia nikacheka. Na wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta, unakunywa kahawa, umevaa lile gauni la buluu. Nilikusikia unawauliza wanawake kama kuna vyombo vya kuosha."

"Wa kupitisha msimu."

"Ndiyo."

"Halafu ukanipigia simu kazini kunifokea."

"Nilikasirika kwa nguvu zote ili nisikumbuke nilichosema mimi. Wewe ulinisema kwa sababu unanipenda. Mimi nilikukana kwa sababu ya kazi, na kazi yenyewe sikuipata."

Saimi alikaa kwenye ukingo wa sanduku la mchanga la watoto. Uso wake ulikuwa na vumbi, na chozi moja likachora mstari mpaka kidevuni.

"Nikuulize," akasema. "Ningenyamaza saunani, wangekupa. Je, ungekuja kuniambia haya?"

Saimi akaona kwamba Tuomo hamtafutii jibu tamu.

"Sijui," akasema. "Naogopa kwamba nisingekuja."

"Angalau hilo hukudanganya."

"Saimi." Akachuchumaa mbele yake, mikono yake mikubwa ikining'inia asijue aiweke wapi. "Jumamosi timu inatambulishwa sokoni. Makocha wanapanda jukwaani na familia zao. Mswidi ana mke na watoto wake. Lampela na Hemminki watakuwa mstari wa mbele, na wanaume wote waliocheka siku ile. Vijana watapiga kelele za meza, hilo nakwambia kabisa, wameshatunga na wimbo. Watakuangalia wewe kama wanavyoniangalia mimi. Mimi nitapanda hata peke yangu, maana kazi ni kazi. Lakini nataka Hemminki akuone umesimama na mimi, nimekushika mkono, mchana kweupe."

Saimi aliangalia mikono yake mwenyewe, imejaa malengelenge ya fimbo. Alifikiria ngazi za lile jukwaa, na macho ya mji mzima, na Orvokki pale mbele, na wimbo.

Barazani maji yalikuwa yamefurika chungu cha maua, yanadondoka ghorofa ya kwanza, na Helvi hakuyaona.

"Utapanda na mimi?" Tuomo akauliza.