Tiki ya Fidencio

Kila Jumatano Araceli ndiye aliyefika nyumbani wa kwanza. Alipasha maharagwe, akafunika mikate ya mahindi kwa kitambaa ili isikauke, kisha akakaa mezani na kalamu kumngoja dada yake, Maribel. Baba na mama walikuwa bado shambani. Ulikuwa mwezi wa Septemba, na Septemba watu wa mji wa Madera huanika zabibu.

Jumatano moja Maribel aliingia, akavua viatu bila kuinama, akajitupa kitini. Asubuhi alikuwa darasani chuoni, mchana alifungasha matunda kiwandani. Juu ya hayo alikuwa kiongozi wa wanafunzi kumi wa mwaka wa kwanza. Wote kumi, kama yeye, walikuwa wa kwanza katika familia zao kusoma chuo. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaeleza mambo ya huko. Ndiyo maana Maribel alitakiwa kuonana na kila mmoja kila wiki, kisha kujaza fomu ya Bi Ofelia, msimamizi wao.

"Nisomee majina, mdogo wangu," alisema. "Macho yangu yameshafunga kazi."

Araceli alisoma, akitia tiki kila alipoambiwa, mpaka akafika kwa jirani yao.

"Fidencio Barajas?"

"Tia tiki."

"Umemwona?"

"Nimemtumia ujumbe."

"Amejibu?"

"We mtoto, umekuwa polisi siku hizi? Tia tiki tule!"

Araceli akatia. Wiki iliyopita pia alitia, kwa maneno hayo hayo. Alipogeuka na sahani ya maharagwe, Maribel alikuwa amelala, shavu juu ya fomu.

Kesho yake, basi la shule lilipopita kando ya mizabibu, Araceli alimwona kijana amepiga magoti kati ya safu mbili, akigeuza zabibu zilizoanikwa juu ya karatasi. Kofia yake ilikuwa ya buluu, ile waliyopewa wanafunzi wapya wa chuo. Araceli aliposhuka kituoni, alirudi mbio hadi pale.

"Kaka Fidencio! Leo hamna masomo?"

"Kwangu hamna. Mimi nilishatoka."

"Uliwaaga?"

"Nimuage nani?" Fidencio alicheka, midomo imemkauka. "Usipoonekana siku mbili, nyapara anafuta jina lako, anaweka mtu mwingine. Hakuna ugomvi. Januari nitarudi nianze upya."

"Nani kakwambia chuoni wanafanya hivyo?"

"Si ndivyo kazi zote zilivyo?" Alijifuta jasho. "Baba mgongo umemkataa. Mvua ikinyesha kabla hatujakunja hizi karatasi na zabibu ndani yake, mwaka mzima umeoza. Ungekuwa wewe, ungekwenda kusoma hesabu?"

Araceli aligeuka, akakimbia nyumbani. Alishamsikia Maribel akiwaeleza wenzake kwa simu: chuoni jina halifutwi lenyewe. Usipokwenda na usipojaza fomu ya kuacha somo, unaandikiwa sifuri katika kila somo, na mlango wa kurudi unaweza kufungwa. Siku ya mwisho ya kujaza fomu ilikuwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Yaani kesho.

Maribel alipopata habari hiyo, kwanza alikasirika. "Yeye ni mtu mzima! Mimi si mama yake!" Kisha akaketi. "Nikisema sikumwona, Bi Ofelia ataninyang'anya kazi."

"Kalamu niliishika mimi," alisema Araceli kwa sauti ndogo. "Tukaseme wote."

Maribel akachukua simu. Akampigia Bi Ofelia. Alipomaliza kueleza, Bi Ofelia akasema, "Kesho, shule ya mdogo wako ikiisha, njooni wote watatu. Msichelewe."

Mzee Barajas, baba yake Fidencio, alikataa kabisa. "Nani atakunja karatasi zangu? Hiyo kofia yake ya chuo?" Ilibidi mama yake Araceli aseme kwamba yeye na mumewe wangezikunja wakitoka kazini, ndipo mzee akamwachia mwanawe.

Kwa hiyo Ijumaa saa tisa waliondoka kwa gari. Bi Ofelia alimpa Fidencio fomu, akamtuma kwa walimu wake, mmoja baada ya mwingine. Walimu wawili walikubali afidie kazi alizokosa. Wa tatu alisema amebaki nyuma mno, basi Fidencio akaliacha somo hilo kwa fomu, bila sifuri. Fomu ilipogongwa muhuri, saa ilikuwa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Bi Ofelia akawageukia wale dada wawili.

"Maribel, kuchoka si kosa. Na mimi nilianika zabibu nikisoma hapa, najua. Kosa ni kuficha uchovu wako kwa tiki. Mngeacha nafasi tupu, ningejua kuna mtu wa kutafutwa. Tiki yenu ilinifanya nitulie wakati mwenzenu anapotea. Kuanzia wiki ijayo utakuwa na watano, si kumi, na utaonana nao ana kwa ana. Ukishindwa, niambie." Akamshika Araceli begani. "Na wewe, ukiona jambo si kweli, kalamu iweke chini, hata kama anayekuambia uandike unampenda."

"Ndiyo, Bi Ofelia," alisema Araceli.

Wakati wa kurudi Fidencio ndiye aliyeendesha gari, maana Maribel alishasinzia kabla hawajatoka mjini. Walipofika shambani jua lilikuwa bado halijazama. Karatasi zilikuwa zimekunjwa safu baada ya safu. Mama yake Araceli alikuwa ameketi juu ya sanduku, akijikanda magoti.

"Haya, msomi amerudi!" Mzee Barajas alipaza sauti. "Tumekuachia safu mbili."

Fidencio akaivua ile kofia ya buluu, akamvika Araceli, akapiga magoti. Maribel akapiga magoti upande wa pili, akipiga miayo.

"Jumatatu, saa mbili asubuhi, mlango wa maktaba," alimwambia Fidencio. "Nataka nikuone kwa macho yangu."