Firigisi Iliyokatwa

Jumamosi asubuhi mtaa wa Majimbo, mjini Embu, huamka kwa kelele za ndoo na redio. Wambeti huwa ameshaamka zamani. Siku hiyo pia alifua sare zake na za mdogo wake Mbogo, akapiga deki, akachemsha chai kwenye meko ya gesi. Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa ya mbali. Mama yao, Marcella, alikuwa karani mjini na alifanya kazi hata Jumamosi hadi adhuhuri. Kwa hiyo jikoni palikuwa pa Wambeti. Watu wakimwonea huruma kwa hilo alikasirika, kwa sababu yeye alipenda kupika.

Lakini Jumamosi hiyo ilikuwa na mzigo wake. Guka, babu yao mzaa baba, alikuwa anakuja kutoka Kianjokoma kula chakula cha mchana, na hakuwa anakuja kusalimia tu. Alikuwa amesema wazi kwamba watoto wa Marcella wanajilea wenyewe kama mbuzi waliokata kamba. Akiikuta nyumba haina adabu, angewachukua waishi kwake na kusoma huko. Baba hakuwahi kumpinga Guka hata siku moja. Wambeti alimpenda Guka, ila kumwacha Mama peke yake katika nyumba ile, hapana. Aliapa kupika chakula ambacho Guka hatakitia kasoro.

Aliamua kupika wali, na kuku wa kukaanga haraka kwenye karai, jinsi alivyofundishwa na Mwalimu Ntinyari wa sayansikimu. Alinunua kuku wa broila kwa jirani, akiwa tayari amenyonyolewa, na firigisi yake imesafishwa. Mapishi hayo hayataki kuku mzee wa kienyeji, kwa maana huyo angewatoa meno. Yanataka nyama laini, kisu kikali, na kila kitu kukatwa vyembamba kabla moto haujawashwa. Wambeti alikata kifua na mapaja, akavitia tangawizi, kitunguu saumu, limau na soya sosi kidogo. Akakata karoti, hoho na vitunguu.

Kisha kisu kikafika kwenye firigisi.

Kila mtoto wa Embu anajua firigisi ni ya nani. Huachwa nzima na kuwekwa kwenye sahani ya baba wa nyumba, na akiwapo babu, basi ni ya babu. Wambeti alijua vizuri sana. Akaitazama. Aliyefua ni yeye, aliyepika ni yeye, na tangu azaliwe hakuwahi kujua ladha yake. Hasira ikampanda. Akaikata vyembamba kama vitu vingine, akaichanganya na nyama.

Mbogo, aliyepewa jina la Guka na ambaye tayari alijiona mrithi wa firigisi zote za ukoo, aliona na kushika kichwa.

"Umetumaliza," alisema. "Sasa sikia. Sema tu ni kuku wa duka, na hao huuzwa bila firigisi. Guka hatajua."

Wambeti aliweka karai motoni hadi likaanza kutoa moshi, akamwaga mafuta, akatia nyama kidogo kidogo ili karai lisipoe. Ilichachatika na kubadilika rangi mara moja. Akaitoa, akakaanga mboga haraka zikiwa bado ngumu kidogo, akarudisha nyama na kugeuza kwa mwiko bila kupumzika. Harufu ilijaa nyumba. Mama aliporudi alimsifu, akapanga sahani.

Guka alifika, akaombea chakula, akala. Alikula vizuri, jambo lililowapa wote moyo. Halafu akaanza kupekua wali kwa kijiko. Akaangalia bakuli. Akaweka kijiko chini.

"Mama Wambeti," alimwambia Mama kwa upole uliotisha, "firigisi iko wapi?"

Mama aliinamisha macho. Hakuwa na habari, lakini mkwe anayemwandalia baba mkwe kuku asiye na firigisi amemtukana mbele ya watoto. Mbogo alimkanyaga Wambeti chini ya meza. Ule uongo ulikuwa tayari mdomoni, mfupi na rahisi, na ungewaacha wote salama.

"Mama hajui, Guka," alisema Wambeti. "Ni mimi nimeikata. Iko ndani ya chakula, na kila mtu ameila."

Guka aliuliza kama hakufundishwa. Wambeti alisema alifundishwa.

"Basi kwa nini?"

Wambeti hakushusha sauti. "Guka, mimi nimeitwa jina la Cucu. Cucu alikupikia kuku mpaka akafa. Alionja firigisi lini?"

Mama aliita jina lake kwa kunong'ona, amnyamazishe. Guka alimwinulia Mama mkono kwamba amwache. Alitazama sahani yake. Alikuwa mtu mgumu, lakini alimpenda sana Cucu, marehemu mkewe, na swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Hakuonja," alisema hatimaye. "Na mimi sikumpa."

Mbogo aliacha kutafuna.

"Umekosa," Guka aliendelea. "Kitu cha mtu hakikatwi kabla hajaulizwa. Ungeniuliza."

"Nisamehe kwa kutokuuliza," alisema Wambeti. "Kwa kuikata, siombi msamaha."

Mama alifumba macho akingoja ngurumo. Guka alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa.

"Nilikuja kuona kama watoto hawa wanajilea," alimwambia Mama. "Mtoto anayejilea huanza na uongo, kwa kuwa hana mtu anayeogopa kumvunja moyo. Huyu alikuwa na uongo mwepesi. Nimemwona huyu mwanamume mwenzangu akimkanyaga chini ya meza. Akaukataa, akabeba lawama yake ili isikuangukie wewe. Wewe ndiye umemlea. Watabaki hapa, na nitamwambia baba yao hivyo." Kisha akamgeukia Wambeti. "Ukiona desturi ina makosa, sema mchana, mbele ya mwenyewe, kama leo. Usiivunje kwa siri kisha ukadanganya. Kesho Jumapili mje kwangu. Nitachinja jogoo, na wewe utagawa."

"Nitagawa ninavyotaka?"

"Utagawa unavyoweza kueleza."

"Basi nitaanza na Mama," alisema Wambeti.