Dainamo ya Mzee Gerald

Mbaruku, fundi umeme wa magari pale Chanika, Handeni, ni jirani yangu, na haya yalimkuta mchana kweupe. Jumatatu alikuwa akipiga mluzi. Mama Dorkasi alikuwa amemletea Land Rover ya marehemu mumewe, mzee Gerald, yule aliyekatwa vidole viwili na mashine ya mkonge. Gari halichaji, na Jumamosi lazima limfikishe Ngombezi kuweka msalaba kaburini.

Gari la miaka ya sitini, bado lina dainamo, kile kifaa cha zamani cha kuchaji betri. Mbaruku akaing'oa, akafunga oltaneta, chaja ya magari ya siku hizi. Sasa, kwetu fundi humkabidhi mwenye gari kifaa cha zamani mkononi, hata kiwe kibovu vipi. Ndiyo heshima ya kazi. Yeye akaiuza dainamo kwa mnunuzi wa chuma chakavu, bila kuuliza.

Jumanne betri ikafa. Akabadilisha mkanda. Jumatano ikafa tena. Akanunua betri mpya, akapima waya mmoja mmoja, zote nzima. Alhamisi akaichomoa betri yenyewe, akaifungia stoo. Saa sita mchana akaipima: imekufa fofofo.

"Balaa gani hili!" akafoka, akatupa spana. Miaka ishirini ya ufundi, leo anadhalilishwa na mkweche!

Ijumaa Mama Dorkasi akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kile kifaa cha zamani kiko wapi? Mzee hakuwa anaacha hata bolti gereji."

"Kipo, mama," akanong'ona. "Nitakupa kesho."

Alipoondoka, Mbaruku akakimbia kwa mnunuzi. Dainamo ilishapakiwa kwenye lori tangu jana, imekwenda zake.

Jumamosi, saa nne asubuhi, akafungua boneti. Oltaneta haipo. Dainamo ipo. Bolti zimekazwa. Nyaya zimefungwa kwa katani, mbichi bado. Akawasha gari. Taa nyekundu ya chaji ikazimika.

Mama Dorkasi akaondoka na dereva wake, akishukuru. Mbaruku akafunga gereji, akaenda nyumbani.

Mkewe, Faudhia, alikuwa mlangoni.

"Kuna mzee kaleta mzigo," akanong'ona. "Kasema kila mtu akabidhiwe chake. Kaingia mwenyewe chumbani. Sijamwona akitoka."

Oltaneta ilikuwa kitandani, upande anaolala Mbaruku. Aliigusa. Ya moto.

Kando yake, kwenye shuka, palikuwa na alama ya kiganja cha grisi. Faudhia ameifua shuka ile mara nne kwa sabuni na mafuta ya taa. Vidole vitatu bado vinaonekana.