Bawabu Asiyejua Nyuso

Jumatatu ile Mama Nazri alikuta mlango wa banda la gari umeinuka. Haukuwa wazi kabisa. Ulikuwa umeachana na sakafu kwa kimo cha mtu aliyepiga magoti. Ilikuwa saa tisa alasiri, naye alikuwa anatoka kiwanda cha nyama, mikono ingali inanuka mafuta ya kondoo. Jambo la kwanza lililomjia kichwani ni jina la mkamwana wake.

Nyumba ile ya matofali, nyuma ya maghala ya ngano ya mji wa Katanning, ilikuwa na wanawake wawili tu. Mume wa Mama Nazri alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita. Mwanawe Nazri alichimba chuma huko kaskazini, wiki mbili kazini na wiki moja nyumbani. Mkewe Hasnita, mwenye mimba ya miezi sita, alikuwa ameacha kazi ya kuoka mikate na alishinda nyumbani peke yake.

Mlango huo Nazri aliutengeneza kabla ya Ramadhani, baada ya bega la mama yake kuharibiwa na miaka ishirini ya kisu. Aliweka kispika cha duara jikoni, akakifundisha sauti zao watatu. Mama akiwa garini, dirisha limeshushwa, husema tu "fungua banda," na bati lote hujikunja juu. Mwanzoni kispika kiliuliza namba ya siri kabla ya kufungua. Mama Nazri akachoka. Alisema anaona haya kupayuka namba barabarani kama dalali wa mnada. Nazri alisita. Alimweleza kwamba pasipo namba ile, yeyote mwenye sauti inayofanana na yake anaweza kusimama nje akaagiza.

"Na nani atakuwa na sauti yangu, wewe?" mama akacheka. "Toa hiyo namba."

Nazri akaitoa.

Jioni ya Jumatatu ile mama alifungua simu, kwa kuwa kila mlango ulipofunguka simu iliandika. Saa saba kasoro kumi mchana, umefunguliwa kwa sauti. Jumatano ukafunguka tena, saa ileile. Ijumaa tena, na saa hizo yeye huwa mezani anafungasha nyama. Hakuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaanza kuchunguza. Alihesabu vikombe kwenye sinki. Aliinama kutazama alama za magurudumu. Alinusa mito ya sebuleni kana kwamba anatafuta panya aliyefia humo.

Hasnita naye alikuwa amebadilika. Mama akiingia, binti hushtuka, humtazama viatu kwanza, ndipo uso. Alijibu kwa neno moja moja. Mama Nazri akaona hayo ndiyo macho ya mwenye hatia.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ndani ya banda tu, harufu ya mwani unaooza na matumbawe yaliyokauka juani, ile aliyoijua tangu utoto wake kule visiwani Cocos. Ila huku walizungukwa na ngano na kondoo, na bahari ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Akawaza, basi huyo bwana ni mvuvi?

Mlango nao ukaanza kukataa kufunga wakati wa magharibi. Pande zote mbili, karibu na sakafu, ulikuwa na macho madogo ya umeme. Yakiona mtoto au mbwa amepita, mlango husita na kurudi juu. Mama Nazri aliagiza ufunge, ukashuka hadi nusu, ukarudi. Hapakuwa na kitu. Akafagia, akayapangusa yale macho kwa kanga yake, akaagiza tena. Ukarudi. Mara ya tatu ukashuka taratibu hadi chini, kana kwamba aliyekuwa amesimama kizingitini ameamua kuingia ndani.

Fundi wa mjini alikuja, akapima, akasema macho ni mazima kabisa. Mlango ukikataa kufunga, alisema huku akikusanya vifaa vyake, basi umeona kitu.

Alhamisi Mama Nazri aliomba ruhusa kazini. Aliegesha gari mtaa wa pili, akazunguka nyuma ya nyumba, akaufungua mlango wa uani polepole kama mwizi. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Alikwishapanga maneno ya kumwambia mwanawe.

Alimkuta Hasnita ameketi sakafuni jikoni. Mgongo wake ulikuwa umeegemea mlango wa kuingilia bandani, na kiti kimekingamishwa chini ya kitasa. Binti alipomwona ametokea uani, midomo ilimpauka.

"Mama," alinong'ona. "Umetokaje huko? Si uko humu ndani?"

"Humu wapi?"

Hasnita alionyesha kwa kidole mlango alioegemea.

Mama Nazri alipiga magoti karibu naye. Kwa sauti ya chini, akikatishwa na pumzi, binti alimweleza. Tangu wiki mbili nyuma, mchana wa siku kadhaa, alisikia sauti ya mama inaagiza nje, na banda linafunguka, na mama haingii ndani. Anasimama humo gizani. Anaita. Hasnita alidhani mama amemshuku jambo, anatoroka kazini kuja kumvizia, ndiyo maana alikuwa akimtazama viatu, aone kama vina vumbi la bandani.

"Nami nilidhani unaingiza mtu," Mama Nazri alisema.

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuapa.

"Juzi nilikwenda kuitikia," Hasnita aliendelea, akashusha kola ya gauni lake. Begani palikuwa na wekundu uliokwisha kuwa zambarau. "Nilipita chini ya mlango kukutafuta nje. Mlango ukanishukia, Mama. Yale macho yanamwona asiyekuwepo, na mimi niliyekuwepo hayakuniona. Niliinama tu kwa bahati, tumbo likaokoka."

Mama Nazri alitaka kusema neno, na kabla hajalisema, kutoka upande wa pili wa ubao, karibu mno, kama mtu aliyebandika mdomo kwenye tundu la ufunguo, sauti yake mwenyewe ikaita, na uchovu wake wote wa alasiri ukiwemo ndani yake, na kile kikohozi chake kidogo cha baridi ya kiwandani, na jinsi alivyozoea kulikata na kulivuta jina la binti anapotaka msaada.

"Nitaa. Njoo unishike mkono, mwanangu. Bega linaniuma."

Mama Nazri alifumbua mdomo, kwa kuwa mtu akisikia sauti yake humjia kuijibu, lakini Hasnita akauziba kwa kiganja, na wakakaa hivyo, mkono wa mmoja mdomoni mwa mwingine, wakisikiliza kucha zikipita juu ya ubao toka juu hadi chini bila haraka, na harufu ya mwani ikipenya chini ya mlango kama maji, hadi sauti ileile ikasema, "Fungua banda," na kile kispika mezani kikawaka taa yake ya buluu na kujibu kwa adabu, "Sawa, Mama Nazri. Nafungua," na mota ikaanza kunguruma.

Walitoka kwa mlango wa uani, bila viatu.

Baba Ridwan alikuwa mchinjaji wa kiwandani, mtu mfupi mwenye masihara, aliyejua pia kuwasomea watu dua. Walimwita, akaja baada ya alasiri na mabuti yake meupe ya mpira, akaingia bandani peke yake, akanusa. Alipotoka hakuwa na masihara tena.

"Huyu namjua harufu yake," alisema. "Tuliotoka visiwani hatukuja peke yetu."

Aliuliza mlango unavyofanya kazi, na nani aliyeondoa namba ya siri. Mama Nazri akakiri.

"Jini havunji mlango, Mama Nazri. Husubiri ruhusa. Wewe umeweka bawabu asiyejua nyuso, anayejua sauti tu, kisha ukamkataza kuuliza. Na sauti, kwao, ni nguo ya kuazima."

Alichanganya maji, chumvi na majani ya mkunazi. Akang'oa kispika, akachomoa waya wa mota ukutani, akaanza kusoma Ayatul Kursi kwa sauti. Kutoka kona ya banda sauti ya Mama Nazri ikamsihi aache. Ikaja ya Nazri, ikimwita mkewe. Kisha ikaja sauti ya Baba Ridwan mwenyewe, inasoma aya ileile, ikimtangulia neno moja.

Baba Ridwan alifunga mdomo. Aliendelea kusoma moyoni, midomo haichezi, huku akirusha maji ukutani, na ile sauti, kwa kukosa cha kuiga, ikaanza kugugumia, ikawa mlio mmoja mrefu usio na herufi. Bati la mlango, lisilo na umeme, likajikunja juu lenyewe kwa kishindo. Upepo wa mashambani ukaingia. Harufu ikatoka.

Kabla ya kuondoka alimwagiza Mama Nazri awaambie wote wenye milango kama ule. Alisema leo, si kesho.

Lakini ili kuwaambia watu ilikuwa lazima aeleze pia alivyomshuku mkamwana wake, na aibu ikamfunga mdomo. Alimwomba Hasnita radhi, Hasnita akalia, wakaishi vizuri kuliko zamani. Mlango waliuinua kwa mikono, wawili, wakitaniana. Siku nane zikapita.

Jumamosi, magharibi inakaribia, Mama Nazri alikuwa anakaanga wali, simu ikalia. Alikuwa Mama Wardah, mwenzake wa meza moja kiwandani. Nazri alimfungia naye kispika, siku ileile alipomfungia mama yake, na chake pia kiliijua sauti ya Mama Nazri, bila namba.

"Wewe nawe," Mama Wardah alisema akicheka. "Nimesikia unavyoita huko nje, banda limeshafunguka. Mikono yangu ina unga, siwezi kutoka. Ingia basi, mbona umesimama gizani?"

Mwiko ulimponyoka Mama Nazri.

"Mama Wardah, nisikilize. Niko kwangu. Usiufungue huo mlango wa jikoni."

Kicheko kilikatika. Kwenye simu akasikia pumzi za mwenzake, kisha nyuma ya pumzi hizo kitasa kikizungushwa, na sauti yake mwenyewe, karibu, tulivu, ikisema:

"Usimsikilize huyo. Mimi ndiye."