Hodi ya Pangoni

Ngige, rafiki yangu wa chuo, alikuwa mgeni Kitale. Jumamosi alizunguka makumbusho na magofu akibetua midomo. "Ati hii ndiyo historia?"

Mwisho akapanda hadi pango moja la Mlima Elgon. Mama Jepchumba, anayelitunza, akamwambia, "Piga hodi kwanza. Watu walikaa humu na ng'ombe wao."

"Hodi kwa popo? Hili ni shimo tu, bana."

Akaingia. Gizani akasikia kitu kikicheua taratibu karibu na sikio lake. Akatoka mbio.

Chumbani kwake mjini, kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Akalifungua, lakini mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani, na humo kitu kilikuwa kikicheua.

"Hodi," Ngige akanong'ona.

Kile kitu kikaacha kucheua.