Mashine Iliyovuta Pumzi

Mshale wa geji ulikuwa umesimama kwenye kumi na mbili, na mashine haijawashwa.

Dereva aliigonga geji kwa kucha. Mshale ukatetemeka, ukarudi kwenye sifuri polepole, kama mtu anayeketi bila kutaka kuonekana. Akajiambia kuwa ni uzee wa kifaa tu. Alikuwa uani kwake, boneti ya pikapu imefunguliwa, na alikuwa na hamu ya kukijaribu kitu alichokitoa dukani asubuhi ile.

Kila Jumatatu alimpeleka mke wake, ambaye ni mkunga, pamoja na masanduku ya dawa, kwenye zahanati iliyoko ng'ambo ya mchanga. Mchanga haukubali tairi zilizojaa. Unazipunguza upepo mpaka zitandazike, unavuka, na ukifika kwenye barabara ya mawe unazijaza tena, la sivyo zinachanika. Pampu yake ya zamani, ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, ilikuwa imeungua.

Asubuhi ile dukani, fundi tairi alikuwa na mashine mbili tu za kujazia upepo za kumwonyesha.

"Hii mpya inamfaa mtu wa lami," fundi alisema. "Tairi kama zako itajaza mbili, halafu itachemka, mkae kuisubiri ipoe. Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Uliza inatoa upepo kiasi gani kwa dakika, na inaweza kufanya kazi muda gani bila kupumzika."

"Na ile?"

Fundi hakuiangalia. Ilikuwa chini ya meza, ya chuma tupu, ina silinda mbili, na mpira mrefu wa kufika hadi tairi ya nyuma. "Ile unaibana kwenye betri moja kwa moja. Haichemki kabisa. Waliileta watu waliokuta gari limeachwa mchangani."

"Na mwenye gari?"

"Alikuwa amekaa kando ya tairi, kule penye mwamba mweusi. Amekufa, na hana hata mchubuko." Fundi akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Mimi ningesubiri mzigo mwingine uje, kaka."

Lakini Jumatatu ilikuwa keshokutwa, na dereva hakuwa mtu wa kuogopa chuma.

Sasa pale uani akaibana kwenye betri, akawasha injini, akabonyeza swichi. Tairi ilijaa kabla hajamaliza kujinyoosha mgongo. Akaigusa silinda akitarajia joto, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Na ilitoa harufu ambayo haikuwa ya mafuta wala ya mpira, bali ya kinywa cha mtu aliyeshinda na kiu.

Ndani ya nyumba mkewe alikohoa. Dereva alipozima mashine, alimkuta ameketi kizingitini, kiganja kifuani.

"Vumbi tu," mkunga alisema.

Jumatatu walivuka mchanga vizuri. Saa sita mchana walisimama pale mawe yanapoanza, jua likiwa utosini, hakuna kivuli isipokuwa cha gari. Dereva aliunganisha mashine na kuanza na tairi ya mbele. Mshale ulipopanda, mkunga, aliyekuwa akinyoosha miguu hatua hamsini mbele, alipiga magoti.

Dereva akazima, akamkimbilia. Kabla hajamfikia, mkewe alikuwa tayari anahema vizuri.

"Iwashe tena," mkunga alisema kwa sauti ya chini. "Kidogo tu. Nataka kujua."

Akaiwasha. Kifua cha mkunga kikasimama. Akaizima, kikapanda. Mwanamke yule alikuwa amewafundisha wazazi wengi jinsi ya kupumua, na hakuna aliyeweza kumdanganya kuhusu pumzi.

"Inavuta kwangu, baba watoto," alinong'ona.

"Basi tunarudi."

"Kuna mzazi anatokwa damu. Walinipigia simu alfajiri. Zimebaki tairi ngapi?"

"Tatu. Haiwezekani."

"Bila upepo tutafika?"

Dereva alitazama mawe, makali kama visu, akatikisa kichwa.

"Basi jaza," mkewe alisema. "Moja moja. Kila ikijaa, zima, nipumue, halafu endelea."

Akafanya hivyo, na hilo ndilo alilokuja kulijutia kuliko yote, kwamba alipiga magoti kando ya tairi huku akimwona mkewe ameegemea mlango wa gari, macho yamemtoka, midomo ikigeuka rangi ya majivu, na ile mashine ikivuta bila mngurumo wa chuma, ikivuta taratibu na kwa uroho kama mtoto anayenyonya, mpaka alipofika tairi ya nne akagundua kuwa yeye mwenyewe analia.

Mzazi alipona, na mtoto wake pia. Mkunga alifanya kazi mpaka jioni akiwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

Kesho yake, safari ya kurudi, dereva alisimama mwanzo wa mchanga ili kupunguza upepo. Mkewe alikuwa amelala kwenye kiti. Akafungua valvu ya kwanza. Upepo ukatoka kwa kelele yake ya kawaida, kisha kelele ikajikusanya, ikawa maneno.

"Baba watoto," valvu ilisema kwa sauti ya mkewe. "Nirudishe kwetu."

Akachungulia ndani ya gari. Mkunga alikuwa bado amelala, mdomo umefungwa.

Waliporudi upande wa nyumbani hakuthubutu kuiwasha. Aliendesha na tairi zilizolala, mwendo wa kinyonga, na mbili zikachanika. Hata hivyo haikusaidia. Mashine iliyofungiwa stoo ilikuwa imejifunza njia. Mchana kweupe mkunga alikuwa akikata kitunguu, akaacha kisu na kushika meza, na stooni kukasikika kitu kikivuta.

Dereva akaenda kumwita mshonaji mmoja mzee, mwanamke ambaye mtaa mzima ulijua kwamba majini humsikiliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nionyeshe, maneno baadaye."

Bibi alichukua kitambaa chembamba, akakisogeza kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Mashine haikuwa na waya hata mmoja, lakini kitambaa kiliruka kikang'ang'ania pale. Alikivuta kwa mikono miwili ndipo kikatoka.

"Mwenye hii aliiwasha kimbunga cha vumbi kikipita," alisema. "Ikavuta vumbi, ikamvuta na aliyekuwa ndani ya vumbi. Huyu kakwama, mwanangu. Anatafuta pumzi ya kumsukuma nje."

"Nikiivunja?"

"Ukiivunja hapa, atakaa hapa. Mpeleke alikotolewa, saa ile ile ya jua kali. Uiwashe, mpira uwe wazi. Akikosa ya mkeo, atachukua yako. Na usizime mpaka mshale ulale, hata usikie nini."

Dereva alienda peke yake mpaka kwenye mwamba mweusi. Saa sita akawasha.

Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha mchanga uliokuwa mbele ya mpira ukaanza kuzunguka, sahani ndogo tu, ikawa gurudumu, ikawa nguzo ndefu kuliko gari, na dereva akahisi kitu kinaingia kooni mwake na kuanza kuvuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo, na ndani ya nguzo ile mkewe akapiga kelele, zima, baba watoto, unaniua mimi, si jini, zima nakufa huku nyumbani, naye hakuwa na njia ya kujua kama ni uongo, akashikilia swichi kwa mikono yote miwili, magoti mchangani, macho kwenye mshale uliokuwa ukishuka, thelathini, ishirini, kumi na mbili, na alipokosa hewa kabisa akaegemeza paji la uso kwenye silinda, na silinda ilikuwa ya moto.

Mashine ikanuka mafuta yaliyoungua, ikakwama, ikanyamaza. Kimbunga kikaondoka juu ya mchanga bila haraka.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni, amesimama wima, anapumua.

"Nilipoamka nilijisikia mzima," alisema. "Nilikutafuta. Ulikuwa wapi?"

Akafungua kinywa kumjibu. Haikutoka sauti, ila hewa.

Sauti haijarudi mpaka leo. Bado wanasafiri kila Jumatatu, na ile mashine mpya ya fundi, inayochemka kila baada ya tairi mbili. Wanakaa kivulini mwa gari kuisubiri ipoe. Vimbunga hupita kwa mbali. Mara moja moja kimoja hugeuza njia, kikawasogelea, na mkunga husikia ndani yake sauti nzito anayoijua vizuri, ya mumewe, ikimwita aje. Hapo mumewe, aliyekaa kando yake kimya, humziba mdomo kwa kiganja asije akaitika, mpaka kipite.